Aliyezama ni Shahidi. Je, Sisi Tuliobaki?

Katika matanga ya mtu aliyekufa maji husikika maneno mawili. La kwanza ni kwamba siku yake ilikuwa imefika. La pili ni kwamba amekufa shahidi. Yote mawili ni kweli, wala hapana Muislamu awezaye kuyakanusha, kwani muda wa kila kiumbe umekwisha andikwa, na hadithi sahihi za Bwana Mtume s.a.w. zamhesabu aliyeghariki kuwa ni katika mashahidi. Lakini neno la kweli laweza kutumiwa mahali pasipo pake. Maneno haya yaliletwa yamfariji mfiwa. Wako walioyageuza kuwa kifuniko cha shimo ambalo mtoto mwingine atatumbukia mwakani. Kwa hiyo tumeona katika darsa yetu kuwa yapasa swali hili liulizwe waziwazi: ikiwa aliyezama aliandikiwa kifo chake, na amepata daraja ya mashahidi, je, yuko mtu mwingine atakayeulizwa juu ya kifo hicho?

Jawabu letu ni kuwa yuko, na mara nyingi ni wengi. Shahada ni ya aliyekufa. Dhamana ni ya waliobaki. Haya mawili hayafutani, na makala hii yataka kueleza kwa nini.

Kwanza tutazame hali ya nchi yetu. Kitale na Bungoma hazina bahari, na kwa hiyo wako wadhanio kuwa kufa maji ni msiba wa watu wa Mombasa na wa Ziwa Viktoria. Hivyo sivyo. Mto Nzoia washuka kutoka milima ya Cherangani, wapita Trans Nzoia, wagusa Bungoma na Kakamega, hata ukamwagika ziwani kule Budalangi. Mlima Elgon nao watuletea Kuywa, Malakisi na Lwakhakha. Mvua ikinyesha kwa wingi mlimani, mto hufura huku chini hali jua lawaka, na mtoto aliyevuka asubuhi kwa kuruka mawe hurudi jioni akakuta maji yaenda kwa ngurumo.

Juu ya mito hiyo yako maji yaliyofanywa kwa mikono ya watu. Yako mabwawa waliyoyachimba walowezi wa Kizungu katika mashamba yao ya Trans Nzoia, na mashamba yalipokuja kugawanywa, yako mabwawa yaliyobaki kuwa ya kila mtu kwa kunywesha ng'ombe, wala si ya mtu yeyote kwa kulinda. Yako mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, na mengine yaliyochimbwa udongo mwekundu wa kutengenezea barabara, ambayo mvua huyajaza yakawa kama ziwa dogo la rangi ya chai ya maziwa. Yako mabwawa ya samaki, ambayo serikali katika mpango wake wa mwaka 2009 ilikusudia kuchimba 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya Kenya. Viko visima visivyo na mifuniko. Yako mapipa ya kukingia maji ya mvua, na ndoo za kufulia. Wazee wetu walisema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Na ndoo iliyojaa nusu kwa mtoto aliyeanza kutambaa ni bahari isiyo na pwani.

Tena likizo ya shule ya mwezi wa Aprili huangukia wakati mvua za masika zimekwisha shika. Yaani watoto hupewa nafasi ya kutembea wakati uleule ambao maji hupewa nafasi ya kujaa. Mambo haya mawili yajulikana kabla hayajatokea, na jambo linalojulikana kabla ya kutokea haliwezi kuitwa la ghafla.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Msomaji na azingatie tofauti hii. Maji ya nchi za matajiri hayana upole kuliko maji ya Nzoia, na kadari ya Mungu ni moja mashariki na magharibi. Iliyo mbalimbali ni kazi ya watu: wako waliozungushia ua, waliofundisha watoto, waliojenga madaraja, na wako wasiofanya.

Sasa tuingie katika hoja ya kwanza, nayo ni hoja ya kadari. Husemwa: ikiwa ameandikiwa, ua utamfaa nini? Swali hili si geni. Sayyidna Umar bin Al-Khattab r.a. alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa tauni imeingia huko, aliazimu kurudi na watu wake. Abu Ubayda r.a., naye ni sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja la majani na moja kame: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Basi ua ni kadari, na kamba ni kadari, na kuogelea ni kadari. Aliyesema kuwa kuzama kumeandikwa amesema kweli, lakini kuokolewa nako kumeandikwa, na mikono ya kuokoa ni katika maandishi hayo.

Uko mfano mwingine katika Qur'ani ambao watufaa zaidi, kwa sababu ni habari ya mtoto na mto. Mama yake Musa a.s. alipata ahadi ambayo hapana mzazi mwingine aliyeipata: aliambiwa kuwa mwanawe atarudishwa kwake. Kama kungekuwa na mtu wa kuacha kila tahadhari, angekuwa ni yeye. Lakini yeye hakumtupa mtoto majini hivihivi. Kwa amri ya Mola wake alimtia kwanza katika sanduku. Kisha akamtuma dada yake Musa afuate nyuma, naye akamwangalia nduguye kutoka mbali. Tazama basi, ndugu msomaji. Mama mwenye ahadi ya Mungu alitumia chombo cha kuelea, akaweka na mtu wa kuangalia kando ya mto. Ama sisi, tusio na ahadi juu ya mtoto wetu yeyote, twawapeleka watoto mtoni bila ya chombo na bila ya mwangalizi, kisha twaita jambo hilo tawakali! Tawakali ya mama yake Musa ilikuwa ndani ya sanduku lile na katika macho ya binti yule.

Hoja ya pili ni ya shahada. Tumekubali kuwa aliyeghariki ni shahidi, lakini wanachuoni wamebainisha kuwa yeye ni shahidi wa Akhera. Hapa duniani huoshwa, hukafiniwa, na kuswaliwa kama maiti mwingine, tofauti na shahidi wa vitani. Maana yake ni kwamba jina la shahidi halikugeuza hukumu za dunia juu ya mwili wake. Ikiwa halikuondoa hata josho, litaondoaje haki yake juu ya yule aliyemsababishia mauti?

Tena baadhi ya wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamemtoa katika daraja hiyo mtu apandaye chombo wakati ambao vyombo havisafiri, kwa kuwa amejihatirisha kwa maasi. Na katika Adabul Mufrad ya Imam Bukhari imo hadithi ambayo maana yake ni kuwa mwenye kulala juu ya dari isiyo na kizuizi akaanguka, na mwenye kupanda bahari hali imechafuka akaangamia, dhima imemwondokea. Yaani mtu mzima mwenye akili, aliyeona hatari kwa macho yake akaiendea, hana wa kumlaumu. Hukumu hii yamgusa dereva wa gari na mwendesha bodaboda aonaye daraja limefunikwa na maji, kisha akavuka ili asikose nauli. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu. Sentimita 30 hivi zaweza kuliondoa gari dogo barabarani, na sentimita 60 zaweza kuyachukua magari mengi. Naye akibeba abiria, hakujihatirisha nafsi yake peke yake. Amehatirisha amana.

Ama mtoto, hukumu yake ni nyingine kabisa. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomwa na wanafunzi wa fiqhi katika Afrika Mashariki nzima, liko suala la mtoto aliyekabidhiwa kwa mwalimu wa kuogelea amfundishe, akazama. Hukumu yake ni kuwa dia hulazimu. Washereheshaji wameeleza sababu: mtoto akizama mkononi mwa aliyekabidhiwa, huchukuliwa kuwa mwangalizi amepuuza, ama mtu mzima, yeye ana jukumu la kujihadhari mwenyewe. Zingatia kuwa imam hakusema mwalimu asamehewe kwa kuwa mtoto amekwenda peponi. Hapana shaka kuwa mtoto amekwenda kwa Mola mwenye rehema, lakini dia hulipwa.

Katika kitabu hichohicho yako masuala ya mwenye kuchimba kisima. Aliyechimba katika ardhi isiyo yake, kwa kudhulumu, hudhamini atakayeanguka humo. Aliyechimba katika njia nyembamba akawadhuru wapitao hudhamini vilevile, hata kama mtawala amempa idhini. Tuyapime mashimo yetu ya kando ya barabara kwa mizani hii. Mjenzi wa barabara achimba udongo, apakia, aenda zake. Shimo labaki kando ya njia waendayo watoto wa shule, wala halikufukiwa, wala halikuzungushiwa hata miba. Atasema kuwa alikuwa na kibali. Lakini madhara yakiwapo katika njia ya watu, kibali cha mtawala hakikuondoa dhamana; naye mtawala aliyetoa kibali bila ya sharti la kufukia ana fungu lake mbele ya Mungu.

Huenda mwenye kufyatua matofali akasema: mimi nimechimba katika shamba langu, na fiqhi haimdhamini mtu kwa kuchimba katika milki yake. Amesema sawa, na kwa kadhi pengine atashinda. Lakini na asome mbele kidogo, atamkuta mtu aliyechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake mwenyewe, kisha akamwalika mgeni asiyejua, mgeni akaanguka. Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye nyumba hudhamini, ijapokuwa ukumbi ni wake, kwa sababu mwaliko ulimwingiza mtu katika asilolijua. Sisi twauliza: maji yaliyotulia kando ya njia, siku ya jua, mbele ya mtoto wa miaka 7, si mwaliko? Mtu mzima huona shimo. Mtoto huona mchezo. Hatusemi kuwa kadhi amhukumu kwa kiasi hiki, kwani hukumu za kadhi zina mipaka yake. Twasema kuwa mja ana kesi nyingine, mbele ya Hakimu asiyehitaji shahidi.

Yako mashaka ambayo ni lazima tuyajibu kwa uadilifu. Mtu aweza kusema kuwa maneno kama haya yawaongezea wafiwa uchungu. Kwamba mama aliyefiwa hahitaji kuambiwa kuwa mwanawe angeweza kupona. Hilo ni kweli, na kumwambia hivyo siku ya matanga ni ukatili, wala si nasaha. Tena wengi kati ya kina mama hao hawakuwa na hiari. Aliyekwenda mtoni kufua na kuchota maji, mtoto mmoja mgongoni na mwingine nyuma yake, hakwenda kwa kupenda. Alikwenda kwa sababu hapana bomba karibu na nyumba yake. Dhamana hufuata uwezo. Mwenye uwezo mkubwa huulizwa kwanza: mwenye kutoza kodi na kupanga bajeti ya maji na madaraja, mwenye shamba lenye bwawa, mwenye kandarasi ya barabara, mwenye chombo cha abiria. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kuwa aliogopa kuulizwa juu ya mnyama atakayehiliki kando ya mto Furati, naye yuko Madina mbali. Iwapo khalifa aliogopa kwa ajili ya mnyama, mtawala wa leo ataonaje kwa ajili ya mtoto wa shule aliyepita juu ya gogo kwa kukosa daraja?

Na tusidhani kuwa haya ni ya vijijini tu. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka, na watu 272 wakafa. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, wakafa watu 228. Nacho kilikuwa kimepakia watu wengi kuliko kiasi chake. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililochukua wanakwaya waendao harusini lilijaribu kuvuka daraja la mto Enziu, katika kaunti ya Kitui, hali daraja limefunikwa na mafuriko, na zaidi ya watu 30 wakapotea. Wote hao siku yao ilikuwa imefika. Lakini katika kila msiba kulikuwa na neno dogo ambalo mtu angeweza kulisema: kimejaa, au, tusivuke. Neno hilo halingeibadili elimu ya Mungu. Lingekuwa ni sababu, na sababu ndizo tulizoamrishwa kuzishika.

Yapasa vilevile tuseme juu ya jambo lililo baya kuliko kukaa kimya, nalo ni itikadi ya kuwa mto una mwenyewe, na kwamba hautatulia ila upate mtu, au uchinjiwe mbuzi badala yake. Mwenye kuchinja kwa ajili ya mto ameigusa tauhidi yake, na hilo latosha kuwa ni balaa. Lakini lina madhara ya pili yasiyotajwa sana: baada ya kafara watu hujiona wamesalimika, na shimo hubaki kama lilivyokuwa. Fedha ya mbuzi mmoja yatosha kununua kamba ndefu na miti ya kuzungushia kisima.

Basi ni kipi tunachowajibika kukifanya? Kuokoa nafsi inayoangamia ni fardhu, na Qur'ani imeihesabu nafsi moja iliyohuishwa kuwa sawa na watu wote. Mafakihi wamelitukuza jambo hili hata wakasema kuwa anayeswali akimwona mtu azama, naye aweza kumwokoa, ataikata swala yake. Na aliyefunga Ramadhani, ikiwa hapana njia ya kumwokoa aliyezama ila kwa kufungua, atafungua, kisha alipe. Ikiwa swala na saumu zasimama kando kwa ajili ya anayezama, biashara gani na mazungumzo gani hayatasimama? Na huyu asimamaye ukingoni na simu yake akipiga picha, atatoa udhuru gani?

Lakini fardhu ya kuokoa haitimizwi kwa ushujaa mtupu. Mfa maji hukamata maji. Atakukamata na wewe shingoni, na nyumba moja ikatoka majeneza mawili. Asiyejua kuogelea asijitupe. Na alale kifudifudi ukingoni, anyooshe mti au nguo ndefu. Na atupe kamba. Na atupe mtungi wa plastiki mtupu uliofungwa kifuniko vizuri, kwani huelea na mtu aweza kuushikilia. Na ajue kuwa anayezama aghalabu hapigi kelele. Kinywa kilichoingia majini hakina sauti, na mambo yote hwisha kwa dakika chache. Mtoto akinyamaza karibu na maji, kunyamaza kwake ndiko kuita.

Akiisha kutolewa, asining'inizwe kichwa chini, wala asikandwe tumbo ili atoke maji. Hayo hupoteza wakati, na yaweza kumdhuru. Ikiwa hapumui, alazwe chali mahali pagumu, kidevu kiinuliwe ili hewa ipate njia, apuliziwe pumzi mdomoni, kwani alichokosa ni hewa. Kisha kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu na kwa haraka, mara 30 kwa kila pumzi 2, mpaka apumue au wajuzi wafike. Iwapo mwanamke ni wa kando na mwokoaji ni mwanamume, au kinyume chake, hapana aibu wala dhambi. Dharura huhalalisha kilichozuiwa, na hapana dharura kubwa kuliko roho inayotoka.

Elimu hii ni fardhu kifaya. Maana yake ni kuwa wakiijua baadhi, wengine husalimika, na asipoijua hata mmoja, dhambi huwaenea wote. Katika vijiji vyetu vya kando ya Nzoia na Kuywa, wangapi waijua? Msikiti ulio na watu mia wawezao kusoma talkini, na usio na hata mmoja awezaye kumrudishia pumzi aliyetolewa majini, umejifundisha kuzika kuliko kuhuisha.

Ama kuogelea kwenyewe, yako maneno mashuhuri ya kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Wengi huyanasibisha kwa Bwana Mtume s.a.w.; yajulikana zaidi kuwa ni ya Sayyidna Umar. Vyovyote iwavyo, umma umeyapokea kwa ndimi ukayaacha kwa vitendo, na hasa kwa mabinti. Wavulana hujifunza kwa kutoroka, na wengine hufa katika kujifunza huko. Binti ambaye ndiye apelekwaye mtoni kila siku na mtungi kichwani, yeye hafundishwi kabisa, kwa hoja ya sitara. Sitara ni haki. Lakini sitara hutimizwa kwa kutenga mahali na saa, na mwalimu mwanamke, na nguo ya heshima. Haitimizwi kwa kumwacha azame. Anayemruhusu binti ayakaribie maji kwa ajili ya kazi, kisha akamzuia elimu ya kuyaokoka, hakuilinda heshima yake.

Na asiseme mtu kuwa mambo haya ni ya matajiri wenye mabwawa ya vigae. Bangladesh ni nchi ya Waislamu, yenye vijiji vya maskini na mabwawa karibu ya kila nyumba, na watoto wake wengi walikuwa wakifa maji. Watu wa huko walifanya mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Watoto wadogo waliwekwa pamoja asubuhi chini ya uangalizi wa mama mmoja wa kijiji, saa ambazo mama zao wamo kazini; na watoto wakubwa walifundishwa kuogelea katika mabwawa yaleyale, ndani ya majukwaa yaliyofungwa kwa mianzi. Vifo vilipungua mno palipofanywa hivyo, hata mwaka 2022 serikali ya huko ikapitisha mpango wa vituo 8,000 vya kulelea watoto. Mianzi haikosekani kwetu, wala kina mama waaminifu.

Twapendekeza basi mambo machache kwa misikiti na madrasa za Kitale, Bungoma, Webuye, Kimilili na kwingineko. Kabla ya likizo ya Aprili, imamu aitumie khutba moja kwa jambo hili. Kila jamaa ichague vijana wawili au watatu, wanaume na wanawake, wakafundishwe huduma ya kwanza na Msalaba Mwekundu au na wengine wenye ujuzi, kisha wawafundishe wenzao. Penye kivuko cha miguu, kitundikwe kamba na mtungi mtupu, na atakayeviiba ajue kuwa ameiba roho. Mwenye kisima akifunike. Mwenye bwawa alizungushie miti na miba, na mwenye shimo lisilotumika alifukie. Wazazi wapeane zamu ya kuwaangalia watoto waendao mtoni, kama dada yake Musa alivyomwangalia nduguye. Na wazee waende pamoja, Waislamu kwa Wakristo, kwa kuwa maji hayaulizi dini, wakaidai kaunti daraja na bomba, na kufukiwa kwa mashimo ya barabara, kwa maandishi na kwa tarehe.

Kuondoa chenye kuudhi njiani kumehesabiwa na Bwana Mtume s.a.w. kuwa ni tawi la imani, nacho huenda kikawa mwiba tu. Shimo la maji ni zaidi ya mwiba. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa maji katika nchi yetu, awape daraja za mashahidi, awasubirishe wazazi wao, na atupe sisi tuliobaki nguvu ya kulitengeneza lililo mikononi mwetu kabla ya mvua zijazo.

Wabillahi tawfiki.